Papa Aliyesalimia kwa Kifundo

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi huku Mangobo, nimeketi meza ya mbele, kwa sababu mimi siku hizi siketi nyuma. Bwana harusi ni mtoto wa dereva wangu, na matofali ya nyumba atakayoishi na mke wake yametoka kwenye kiwanja changu. Sisemi haya ili kujisifu. Bon, najisifu kidogo, nani atanizuia? Shule niliiacha nikiwa mwaka wa nne wa msingi, na leo watu waliomaliza zote hawaweki msingi wa nyumba Kisangani bila kuja kwanza kuniuliza, "Tonton, simenti iko?" Nipe mfuko nimefumba macho, nitaubonyeza tu nikuambie kama ulinyeshewa njiani.

Tulikuwa tunakula. Akaja mfanyakazi wangu mmoja, Likenge, kunisalimia. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ananukia sabuni. Nikanyoosha mkono. Yeye akakunja vidole vyake kwa ndani, akanipa kifundo cha mkono.

Ninyi mliokulia karibu na mafundi mnaijua salamu hiyo. Mtu akikukuta katikati ya kazi, mikono imejaa udongo au grisi, humpi kiganja. Unaukunja mkono kama shingo ya bata, unampa kifundo akishike, mnacheka, kazi inaendelea. Ni heshima. Lakini pale mezani hapakuwa na kazi. Palikuwa na kuku, bia na muziki, na mikono ya Likenge ilikuwa imeoshwa. Nilipokishika kile kifundo, harufu ikanijaa puani, harufu ya simenti mbichi, kama mvua inayoanguka juu ya jiwe la moto. Nikasema natoka kidogo. Nikaanza kuizunguka nyumba ya watu na suti yangu, kama mtu aliyepoteza funguo, na kila nikimaliza kuizunguka naanza tena.

Papa yangu alikuwa fundi wa klostra. Ni yale matofali yenye matundu, yanayopangwa ukutani ili hewa ipite na mwizi asipite. Katika mtaa wetu wa Tshopo walimwita Papa Klostra, na nadhani hata padri alikuwa amesahau jina lake la ubatizo. Kalibu za mbao alitengenezewa na rafiki yake Tonton Saidi, seremala aliyeishi ng'ambo ya barabara, mtu wa zile familia za Waislamu zilizoingia mjini tangu enzi za biashara za zamani. Mkatoliki aliagiza klostra ya msalaba, Mwislamu ya mwezi, na asiyejua anachotaka akauziwa ya ua. Papa alimwaga mchanganyiko ndani ya kalibu, akaushindilia kwa kipande cha mti, kisha akaichomoa kalibu polepole, na ile klostra ikabaki imesimama chini, mbichi, inatetemeka kidogo kama kitu kilichotoka kuzaliwa.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Ndani ya matundu kingo zinatoka na meno meno, na mwiko hauingii humo. Hakuna chombo kinachoingia humo isipokuwa kidole. Papa alikichovya kidole chake cha shahada kwenye maji ya simenti, akakizungusha ndani ya kila tundu, mara moja tu, bila kuinua. Mafundi tunaita kupiga kidole. Kilipopita, kiliacha mfereji mwembamba laini, kama njia ya konokono. Klostra za wengine zilikuwa matofali yenye matundu. Za papa, ukiingiza kidole chako ndani, unakutana na chake.

Alinifundisha nikiwa mdogo sana jinsi ya kuhamisha klostra iliyoanza kukauka. "Kwa chini," alisema. "Mikono yote miwili, kwa chini. Usibane. Ukibana, unabaki na mchanga mukononi."

Kisha vita vikafunga mto. Simenti tuliyoizoea ilipanda na maboti kutoka chini, na maboti hayakuja tena. Papa alikaa muda mrefu bila kazi, anazunguka uani, anazigusagusa kalibu zake kana kwamba ni mbuzi wagonjwa. Aliyetuokoa alikuwa mwenye lupango, ule uwanja wa nyumba tulimopanga chumba, mfanyabiashara kutoka Butembo, Papa Kambale. Bomu moja lilikuwa limeubomoa ukuta wa mbele wa nyumba yake, palepale lupangoni, na alitaka ukuta mpya wa klostra tupu, kutoka chini mpaka juu, aone nje bila nje kumwona. Akaleta simenti kutoka mashariki, kwa malori, kamio zilizolala matopeni njia nzima ya Bafwasende. Mifuko ilikuwa na rangi nyingine na maandishi ya lugha ambayo hatukuijua. Mtaani waliiita simenti ya vita. Papa akaisugua kati ya vidole, akainusa.

"Iko nyeusi kidogo," akasema. "Lakini itashika."

Ilishika kweli. Ilianza kumshika yeye.

Ilianzia kati ya vidole. Vitone vidogo vya maji, kama vinavyotokea juu ya uji unapoanza kuchemka. Vikawasha. Akajikuna, vikapasuka, vikakauka, ngozi ikawa nene na ya kijivu, kisha ikapasuka kwenye mikunjo mpaka ndani pekundu. Akapaka ndimu, akapiga kelele. Akapaka petroli, akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Akapaka mawese ya moto, na majivu. Mwisho akawa anajikuna kwa kigunzi cha mahindi, krr, krr, krr, asubuhi mpaka jioni, na sisi tukajifunza kula, kusali na kuzungumza huku mlio ule ukiendelea. Mama alikuwa anajikuna kichwa bila chawa. Mimi miguu yangu haikutulia chini ya kiti, kwa sababu sikio moja lilikuwa kwa papa na jingine mbinguni, linasikiliza kama kitu kinakuja kutuangukia. Nikikumbuka, naona nyumba yetu nzima ilikuwa inawashwa.

Na ndipo papa alipoanza kutoa kifundo siku zote. Ijumaa hakufanya kazi, kwa heshima ya Tonton Saidi, wakakaa pamoja kunywa chai. Hata Ijumaa alitoa kifundo.

"Wee," Tonton Saidi akamwambia, "mi nakupatia mukono, unanipatia mufupa? Leta mukono!"

"Iko buchafu, Saidi."

"Buchafu ya nini, na kazi hakuna?"

"Acha, ndugu. Kunywa chai."

Misa ya Jumapili, siku ya Yenga, padri aliposema tupeane amani, watu wote wakageukiana na viganja vyao, na papa, mwenye koti lake la bluu, akakunja vidole akatoa kifundo huku na huku. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikiwa nimejaa fahari kama puto. Kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Fundi anatoa kifundo akiwa kazini. Donc papa yangu yuko kazini hata kanisani. Wanaume wengine walikuwa mafundi saa za kazi tu, papa yangu alikuwa fundi mbele ya altare. Nikakunja vidole vyangu, nikawapa mama wazee wote wa safu yetu kifundo changu chembamba kama mfupa wa kuku. Wengine walicheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa Mama Kavira, mke wa Papa Kambale, mwenye lupango. Hakukishika kifundo changu. Alikuwa anaangalia mikono ya papa.

Wiki ileile wageni wakapigana tena mjini kwetu. Mnajua ninachosema, nanyi mlikuwa chini ya vitanda vyenu: askari wa nchi mbili za watu, wamekuja kutoana roho kwenye mitaa yetu. Ilikuwa mchana, mama amepika lituma, ndizi za kuponda zilikuwa bado zinatoa moshi. Tulilala chini sote, chini ya kitanda. Papa akanilalia juu, akanifunika kichwa kwa mikono yake miwili. Kila kilipoanguka kitu, ardhi iliruka, vumbi lilishuka kutoka kwenye mabati, na mikono yake ilikaza zaidi. Uso wangu ulikuwa ndani ya viganja vile. Vilikuwa vikavu, vigumu, vimepasuka, vinakwaruza mashavu kama plasta. Vilinuka simenti. Na mimi, mtoto wa miaka minane, nikajua kwa hakika kabisa jambo ambalo watu wazima walikuwa hawajalijua. Papa yangu alikuwa anageuka ukuta.

Msicheke. Mambo yote yalilingana. Simenti ilikuwa imemwingia kwa miaka mingi, sasa inatoka nje. Ilianza na vidole, ingepanda mikononi, kifuani, mpaka kichwani, na siku itakapokamilika, risasi ingempiga na kuanguka chini. Ndiyo sababu hakulia tena na petroli. Ndiyo sababu hakutoa kiganja, maana klostra ambayo haijakauka haishikwishikwi. Nilifurahi mpaka nikataka kupiga mbinja pale chini ya kitanda. Kisha nikaogopa. Papa atakuwa ukuta, na mimi je? Mimi ningebaki nyama.

Mizinga iliponyamaza na watu wakaanza kutoka kuhesabiana, mimi nilikwenda nyuma ya choo na kopo la simenti ya Papa Kambale. Nikachanganya na maji peke yake, bila mchanga, ili iwe kali. Nikajipaka kutoka kwenye kucha mpaka viwiko, tabaka juu ya tabaka. Nikakaa juani mikono nimeinyoosha, nasubiri. Mwanzoni ilikuwa baridi, tamu. Halafu ikaanza kuvuta. Halafu ikaanza kuuma. Nikasema, hivi ndivyo inavyoingia, vumilia, papa amevumilia. Nilivumilia mpaka machozi yakanifika shingoni, kisha nikakimbilia mfereji wa maji machafu nikaitoa kwa mawe na kucha. Sikumwambia mtu. Niliamini ukisema, haishiki.

Kesho yake mikono yangu ilikuwa imevimba kama mikate inayokaangwa, yenye malengelenge. Mama akapiga yowe. Na yowe la mama mmoja katika lupango ni mkutano.

Mama Kavira akaja akasimama mlangoni kwetu, hakuingia. Alikuwa mwanamke mwema, nasema kweli, watoto wake walikula na sisi sahani moja. Ndiyo maana alikuwa anawaogopea.

"Papa Klostra, mi sina mubaya na mutu. Lakini macho niko nayo. Ya kanisani niliona, nikanyamaza. Sasa mutoto pia. Hii iko ukoma."

"Hii iko simenti, mama," papa akasema.

"Simenti gani inakula mutu siku ya Yenga? Na mutoto, yeye anapiga klostra?"

Papa akanigeukia. "Umegusa simenti?"

Nikatikisa kichwa. Hapana. Ningeharibu yote.

Papa akaangalia mikono yangu, akaangalia yake, na nikaona uso wake unabadilika. Mpaka leo sijaona tena uso wa namna ile. Nilidhani amefurahi kwamba mimi pia nimeanza. Leo najua alikuwa ameanza kuamini kwamba Mama Kavira amesema kweli.

Papa Kambale akaja jioni, akaongea kwa upole, kofia mkononi. Ng'ambo ya mto, msituni, palikuwa na kambi ya wenye ukoma. Alikuwa ameshatuma mtu amlete muganga wa kambi. Akikuta ni ukoma, papa na mimi tutaondoka naye, dawa ipo, chakula kipo. Mama na wadogo zangu watafutiwe pa kwenda, maana wapangaji wengine wamesema ama wao ama sisi. "Pardon, ndugu," akasema. "Hata ukuta wangu utaachwa nusu, mi najua."

Usiku ule papa hakujikuna. Asubuhi akachukua kalibu akaenda kufanya kazi kama mwendawazimu, klostra juu ya klostra, kidole kinazunguka, damu inaingia ndani ya matundu na kugeuka kahawia. Tonton Saidi akavuka barabara akakaa karibu naye juu ya mfuko.

"Unakimbilia wapi?"

"Nataka nifikishe ukuta juu."

"Muganga akikuchukua, ukuta utakufuata?"

"Nyamaza, Saidi. Nipe ile kalibu."

Mimi nilikuwa nazunguka kati yao, siketi, siendi, natazama mikono yangu ikipungua uvimbe, na moyo unaniuma kwa sababu ngozi iliyokuwa inakuja chini ilikuwa laini. Sikuwa ukuta. Nilikuwa nimeshindwa.

Muganga alifika kwa baiskeli. Mzee mwembamba, mtu wa Barumbu, amevaa kaptula na koti jeupe lililofuliwa mpaka limekuwa jepesi kama karatasi. Lupango lote lilitoka. Watu walisimama mbali, wakafanya duara, na katikati wakawekwa papa na mimi juu ya viti viwili vya Mama Kavira, viti ambavyo nilijua vitachomwa. Mzee akaangalia mikono ya papa kwa muda mrefu, mbele, nyuma, kati ya vidole. Akaguna. Akatazama chini, kuku wa Mama Kavira walikuwa wanadonoa hapo, akaokota nyoya moja dogo, akalipuliza vumbi.

"Funga macho, papa. Mi nikikugusa, unaonyesha na mukono mwingine. Nisipokugusa, unatulia."

Papa akafunga macho. Nyoya likashuka kwenye kidole cha mwisho, polepole, hata mimi niliyekuwa karibu sikuona kama limefika. Papa akaonyesha: hapa. Nyoya likaenda kwenye ufa mkubwa wa kiganja. Hapa. Nyoya likaning'inia hewani bila kugusa, na watu wote tukaacha kupumua. Papa akatulia. Likaenda kwenye kidole cha shahada, kile kidole, penye ngozi nene kuliko zote, nene kama ganda la kobe. Likapita juu yake.

Papa hakuonyesha.

Nikasikia mama anasema jina la Bikira. Muganga akapitisha tena. Papa hakuonyesha, ila bega lake lilianza kutikisika, kisha shingo, kisha mguu, na mwisho akaruka kutoka kwenye kiti akaking'ata kidole chake mwenyewe.

"Inawasha!" akalia. "Muganga, nitakuonyesha namna gani? Ukigusa hapo inawasha mpaka kwenye ubongo!"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote. Hata Mama Kavira alikuwa anacheka na kitenge mdomoni, machozi yanamtoka. Mzee hakucheka. Akamngoja papa aketi.

"Ukoma unaua kusikia kwa ngozi," akasema kwa sauti ya watu wote. "Mutu wa ukoma, unaweka moto, hasikii. Huyu anasikia kupita sisi wote. Hii haiko ukoma." Akanigeukia mimi, akashika mikono yangu. Aliitazama kidogo tu. "Na wewe, kijana, hii ni kuungua. Uliweka nini?"

Watu wote waliniangalia. Nikamwangalia papa. Nikasema, "Nilitaka kuwa ukuta."

Nilipomaliza kueleza, kuhusu kitanda, kuhusu mikono ya papa na risasi, hakuna aliyecheka tena. Papa alikuwa ameinama, anatazama chini kati ya magoti yake. Tonton Saidi akajifanya amepatwa na vumbi machoni.

"Bon," akasema muganga. "Ni simenti. Kwa mutoto imeunguza siku moja, itapona. Kwa papa iko namna nyingine. Iko kitu ndani ya simenti. Mwili unavumilia, unavumilia, siku moja unakataa, na ukishakataa haurudi nyuma. Donc uache simenti."

Papa akainua kichwa. Dakika ile ile alikuwa mtu aliyerudishiwa mke, watoto na chumba. Nilitegemea ataruka. "Niache?"

"Uache."

"Kwa muda gani?"

"Kwa kabisa."

Papa akautazama ule ukuta, uliokuwa umefika juu ya kichwa cha mtu, bado mistari michache kufika kwenye paa. Akainua kidole cha shahada, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

"Na kidole kimoja?" akauliza. "Muganga, kidole kimoja tu? Kazi nyingine atafanya mutu mwingine."

"Hata kimoja, papa."

Miaka mingi baadaye nilikuwa na pesa ya kumwona daktari wa ngozi nikamuuliza, na akaniambia hicho kitu kinaitwa kromu, ndugu wa ile inayong'arisha pikipiki, na kwamba simenti moja inayo nyingi na nyingine kidogo. Mtaani walisema askari walitia sumu kwenye simenti ya vita. Hawakutia. Lakini nikiwasikia leo watu wakicheka maneno ya wakati ule, mimi sicheki sana.

Mzee alipoondoka na baiskeli yake, Mama Kavira akaja mbele ya watu wote akanyoosha mkono. Papa, kwa mazoea, akampa kifundo. Hakukishika. Alisimama tu, mkono wake umefunguka, anangoja. Papa akavifungua vidole vyake kimoja kimoja, na yule mama akaupokea mkono wake kwa chini, na mikono yote miwili, wala hakubana. Kuku aliyedondosha lile nyoya tulimla siku ileile.

Papa alijaribu, nisiseme uongo. Alifunga mfuko wa plastiki kwenye kidole, akaufunga na mpira wa baiskeli, lakini kidole kilichofungwa hakisikii ukingo, na klostra zilivunjika mkononi mwake. Mistari ya juu ikamaliziwa na fundi mwingine. Nyumba ile leo ni yangu, niliinunua kwa watoto wa Papa Kambale, na waliokuja kunishauri niibomoe nijenge ghorofa niliwafukuza. Chini, ukiingiza kidole kwenye matundu, unakutana na mfereji, na mahali pengine pana rangi ya kahawia. Juu hakuna kitu.

Papa akawa toleka. Alibeba watu na mikungu ya makemba nyuma ya baiskeli, mjini kote, mpaka vita vilipoisha na baada ya hapo. Mikono ikapona polepole, ikabaki na makovu. Na tangu ilipopona, hakuna mtu aliyemchosha abiria kama yeye. Alisimama kila mahali kusalimia. Alisimama kwa wauza mikate, kwa vinyozi, kwa watoto, alisimama hata kwenye barriere, vizuizi vya barabarani, kuwapa askari kiganja, askari waliokuwa wanataka kitu kingine kabisa. Nyuma mama mmoja analia, "Papa, kilio kitaisha mi sijafika!" na yeye ameshuka, ameegemeza baiskeli, anampa mtu asiyemjua mkono wote, vidole vyote, anautikisa na kuutikisa.

Haya yote yalinipitia nikiizunguka ile nyumba ya harusi. Nyuma, karibu na moto, wanawake walikuwa wananyonyoa kuku wa duru ya pili. Nikainama, suti na tai, nikaokota nyoya. Nikamwita Likenge.

"Patron?"

"Funga macho. Fungua mukono."

"Patron, batu banatuangalia."

"Baangalie. Fungua."

Akafungua. Sikuhitaji nyoya. Ilikuwa ngozi ileile, ya kijivu, nene, imepasuka kwenye mikunjo, na mbaya zaidi kwenye kidole cha shahada, maana Likenge ndiye mpiga kidole wangu, na klostra zake ndizo zinazoniletea watu kutoka hata Basoko. Hata hivyo nililipitisha. "Hapa," akasema. "Hapa. Patron, iko inaniwasha."

"Sanduku la glavu niliwanunulia. Liko wapi?"

"Na glavu sisikii ukingo, patron."

Nikavuta pumzi. "Juma hili unapanda kamio na dereva. Mushahara ni uleule. Simenti usiguse tena."

Alifumbua macho. Nikamwona papa anautazama ukuta. "Na klostra?" akaniuliza. "Nani atapiga kidole?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu mjini hapa. Kwa mabenki ninalo, kwa watu wa kodi ninalo. Likenge akangoja, kisha akakunja vidole, akaniletea kifundo chake ili aniage arudi kwenye muziki.

"Hapana," nikasema. "Leta mukono."

Wanawake wakaacha kunyonyoa. Alisita, akavifungua vidole kimoja kimoja, na mimi nikaupokea mkono wake jinsi papa alivyonifundisha kuhamisha klostra iliyoanza kukauka, kwa chini, na mikono yote miwili, bila kubana.